Mikate Iliyogeuzwa Waridi: Elizabeti wa Hungaria na Wanawake Wanne Waliomkumbuka

Kwenye ukuta wa sebule ya bibi yangu ilining'inia kalenda ya parokia ambayo mwaka wake ulikuwa umeshapita zamani, lakini hakuna aliyethubutu kuitoa. Sababu ilikuwa picha yake. Mwanamke kijana mwenye taji amekunja vazi lake kwa mbele, kama wanavyofanya akina mama wanaotoka kuchuma mboga, na ndani ya vazi yamejaa maua ya waridi. Pembeni yake mwanamume aliyeshuka kwenye farasi ameduwaa. Bibi alitusimulia kwamba huyo ni Mtakatifu Elizabeti, mke wa mtawala, aliyekuwa akiwapelekea maskini mikate kwa kificho. Siku moja mumewe akamkuta njiani, akamuuliza umebeba nini humo. Mama wa watu akafungua vazi, na mikate ikawa waridi.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Nikauliza, "Sasa maskini walikula nini siku hiyo?"

Bibi akaniambia nikalete maji.

Ameshatutoka sasa, na swali lile hatukulimaliza. Lakini kazi ya uandishi wa habari niliyoifanya kwa zaidi ya miaka kumi imenizoesha jambo moja: ukisikia kisa kizuri mno, mtafute aliyekuwepo. Nikamtafuta. Nikakuta kwamba Elizabeti, tofauti na wakubwa wengi wa zama zake, ana mashahidi wanne, na wote ni wanawake waliomtumikia. Mmoja alicheza naye utotoni. Mwingine alimwamsha usiku kusali. Wawili walifua na kupika naye hospitalini. Na katika yote waliyoyasema hakuna waridi hata moja.

Kuna mikate, tena mingi. Kuna pia mambo ambayo kalenda ya bibi isingeweza kuyachora.

Tuanze na yale yanayojulikana. Elizabeti alizaliwa mwaka 1207, binti wa mfalme András II wa Hungaria na malkia wake Gertrud. Mwaka 1211, akiwa na miaka minne tu, alisafirishwa hadi Thuringia, eneo lililo katikati ya Ujerumani ya leo, akalelewe na wakwe zake watarajiwa. Ndivyo koo kubwa za wakati huo zilivyofunga udugu: mtoto wa kike anakwenda mapema, ajue lugha na desturi za nyumba atakayoolewa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1213, mama yake aliuawa na wakubwa wa Hungaria waliokuwa wakimchukia. Elizabeti alikuwa na miaka sita, ugenini.

Shahidi wa kwanza, Guda, aliwekwa karibu naye tangu siku hizo. Walikuwa karibu rika moja. Guda hakuwaeleza wachunguzi habari za malaika wala nuru. Alieleza michezo. Elizabeti alikuwa na ujanja wake: katika michezo ya kurukaruka na kukimbizana aliwaongoza wenzake kuelekea kanisani, ili akifika mlangoni, kama kwa bahati mbaya, apate kuingia. Akishinda kitu mchezoni, sehemu ya ushindi aliwagawia wasichana maskini. Ukisoma maelezo hayo unamwona mtoto halisi, mwenye akili ya kupata anachokitaka bila kugombana na mkubwa.

Mwaka 1221, akiwa na miaka 14, aliolewa na Ludwig, mtawala kijana wa Thuringia aliyekuwa na miaka 20 hivi. Makao yao makuu yalikuwa ngome ya Wartburg, juu ya mlima unaoutazama mji wa Eisenach. Wapenzi wa fasihi huenda mnaijua ngome hiyo kwa jambo jingine. Ndimo Martin Luther alimojificha, miaka 300 baadaye, akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani.

Ndoa za namna hiyo zilipangwa na wazee, na mara nyingi zilibaki kuwa mpango tu. Hii haikuwa hivyo. Walipendana, na mashahidi wanakubaliana. Shahidi wa pili, Isentrud, mjane wa ukoo wa heshima aliyekuwa mwandani wa Elizabeti, alieleza kwamba bibi yake alizoea kuamka usiku kusali. Ili asipitiwe na usingizi, aliwaagiza wanawake wake wamvute mguu. Usiku mmoja Isentrud akaingia gizani, akavuta mguu, kumbe ni wa Ludwig! Mwenye nyumba akashtuka, akaelewa kinachoendelea, akavumilia. Mara nyingine, mkewe akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, Ludwig aliushika mkono wake akimsihi asijitese, arudi alale.

Sasa mweke Ludwig huyo kando ya yule wa kwenye kalenda, mume mkali anayepekua vazi la mkewe njiani. Hawafanani. Na kwa kweli hadithi ya waridi haimo katika ushahidi wa wanawake hawa. Ilikuja kushikamana na Elizabeti baadaye, na imesimuliwa pia kuhusu watakatifu wengine, akiwemo mjukuu wa dada yake wa baba mmoja, Elizabeti wa Ureno, aliyepewa jina lake. Ni hadithi inayosafiri. Inamfaa yeyote mwenye vazi la kukunja na mume wa kumwogopa.

Mimi naona hadithi hiyo imetupunja kitu kikubwa. Imefanya huruma ya Elizabeti ionekane kama siri ya mke mpole, jambo la kubebwa chini ya vazi. Alichokifanya hasa hakikuwa siri, kilifanyika mezani, mbele ya watu, na kiliwaudhi wengi.

Karibu na mwaka 1226 Elizabeti alimpata padre mpya wa kumwungamisha, Konrad wa Marburg, mhubiri wa vita vya msalaba, mtu mkavu na mkali. Kwa ridhaa ya Ludwig, Elizabeti aliweka nadhiri ya kumtii Konrad katika yote yasiyogusa haki za mumewe. Moja ya amri za Konrad ilikuwa hii: asitumie chochote cha nyumba ya mumewe ambacho dhamiri yake haina uhakika nacho. Kwa lugha ya kwetu: usile jasho la mtu.

Hebu fikiria maana yake. Meza ya mtawala ililishwa na mashamba yake halali, ndiyo, lakini pia na vitu vilivyokamuliwa kwa wakulima na maofisa wake. Elizabeti alianza kuuliza. Kila sahani ilipoletwa, aliwauliza wahudumu: hiki kimetoka wapi? Kimetoka shamba letu, au kimenyang'anywa kwa mtu? Kama chakula kilikuwa safi lakini divai ina mashaka, aliwaambia wanawake wake kuwa leo watakula tu. Kama divai ilikuwa ya shamba halali lakini chakula hapana, aliwaambia leo watakunywa tu. Na siku ambayo vyote viwili vilikuwa safi, alipiga makofi kwa furaha kama mtoto, kwamba leo mambo mazuri, tutakula na kunywa.

Wanawake wake nao walishika sharti hilo, maana yake nao walishinda njaa. Elizabeti alikaa pale pale kando ya mumewe, akimega mkate na kusogezasogeza vipande kwenye sahani, ili wageni wadhani anakula. Na Ludwig? Aliwaambia wanawake wale kwamba hata yeye angependa kufanya hivyo, isipokuwa anaogopa maneno ya watu wa nyumbani mwake.

Nilipofika hapo niliacha kusoma kwanza, nikatoka nje. Nimeandika habari nyingi za wizi wa mali ya umma. Nimekaa kwenye hafla nikala pilau ya watu niliokuwa nikiandika habari zao. Sikuwahi kuuliza imetoka wapi. Binti wa miaka 19, mwenye taji, katika karne ya 13, aliuliza kila siku.

Mwaka huo huo wa 1226 njaa kali iliikumba Thuringia. Ludwig alikuwa Italia, ameitwa na Kaisari Frederick II kwenye mkutano wa Cremona, kwa hiyo aliyebaki na madaraka ni Elizabeti. Akafungua maghala. Chini ya ngome akaweka hospitali, ambayo kwa kawaida inatajwa kuwa na vitanda 28, na aliteremka mwenyewe kuwahudumia wagonjwa, ingawa njia ya kupanda na kushuka ilikuwa ya kuchosha. Kila siku maskini walipata chakula mlangoni.

Lakini jambo lililonishika zaidi ni lile alilolifanya njaa ilipoelekea kwisha. Mavuno mapya yalipokaribia, wale wenye nguvu aliwapa mundu, shati na viatu. Mundu ni wa kuvunia. Viatu ni kwa sababu mabua yaliyokatwa huchoma miguu. Aliyewaza viatu hivyo alikuwa amemtazama mvunaji kuanzia chini, kwenye nyayo. Mtu hawazi hivyo akiwa amekaa ghorofani.

Ludwig aliporudi, wasimamizi wa mali wakamkimbilia kumshtaki mkewe kwamba amemaliza ghala. Inasimuliwa kwamba aliwaambia wamwache awatendee wema maskini, mradi ngome zake kuu bado ziko mikononi mwake.

Basi hiyo ndiyo habari ya mikate. Haikugeuka kuwa kitu kingine. Watu waliila.

Ningeweza kuishia hapo na sote tukafurahi, lakini ingekuwa nimefanya kosa lile lile la kalenda. Maana mashahidi wale wanne hawakuishia hapo.

Septemba 1227 Ludwig alifariki kwa homa huko Otranto, kusini mwa Italia, akiwa njiani kwenda kwenye vita vya msalaba. Elizabeti alikuwa na miaka 20 na watoto watatu: Hermann aliyezaliwa 1222, Sophie wa 1224, na Gertrud, ambaye alizaliwa baba yake akiwa ameshafariki na habari bado haijafika. Ilipofika, alilia kwamba dunia yote imemfia pamoja na mumewe.

Madaraka yakashikwa na shemeji yake, Heinrich Raspe. Majira ya baridi hayo Elizabeti akatoka Wartburg. Isentrud alisema walifukuzwa na watu wa marehemu. Wapo wanahistoria wanaosema aliondoka mwenyewe, kwa kuwa chini ya shemeji asingeweza tena kushika sharti lake la chakula. Vyovyote iwavyo, usiku wa kwanza alilala kwenye kibanda cha nyumba ya pombe, mahali palipokuwa pakifugwa nguruwe. Usiku wa manane akaenda kwa Wafransisko, akawaomba waimbe wimbo wa kumshukuru Mungu.

Kesho yake akaletewa watoto, kwenye baridi ile. Mji ambao alikuwa ameulisha haukumfungulia milango. Alipopata kulala kwenye nyumba ya mtu asiyempenda, pamoja na watoto na wanawake wake, asubuhi aliziaga kuta, akazishukuru kwa kuwa zilimkinga na baridi. Akasema angependa kuwashukuru watu pia, ila hajui awashukuru kwa lipi. Siku moja, akivuka njia ya matope kwa kukanyaga mawe, alikutana na bikizee aliyekuwa akimsaidia zamani. Bikizee hakumpisha. Elizabeti akaangukia kwenye tope nguo zote, akainuka anacheka, akaenda kuzifua.

Watoto aliwatawanya kwa watu wa mbali ili wapate kula. Angalia vizuri hapo. Mara ya kwanza aliachana na watoto wake kwa sababu ile ile inayowafanya akina mama wengi hadi leo wapeleke watoto kwa shangazi au kwa mama mdogo: hakuwa na cha kuwapa.

Mjomba wake, askofu wa Bamberg, alitaka aolewe tena. Alikataa, akaapa kwamba wakimlazimisha ataikata pua yake mwenyewe, wamwone nani atamtaka. Wapiganaji waliporudi na mifupa ya Ludwig aliipokea, ikazikwa katika monasteri ya Reinhardsbrunn. Ijumaa Kuu ya mwaka 1228, ndani ya kanisa dogo la Wafransisko mjini Eisenach, aliweka mikono juu ya altare tupu, akawakana wazazi wake, watoto wake, nia yake mwenyewe na fahari yote ya dunia. Alipotaka kukana na mali pia, Konrad alimzuia. Mali ilihitajiwa kulipa madeni ya marehemu na kuwasaidia maskini.

Mali ilizuiwa, watoto wakapita. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linanichoma.

Ngoja niseme kwa nini. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sufuria ya nyumbani kwetu haikuwahi kuwa yetu peke yetu. Nilipokuwa na miaka kumi nilinunuliwa viatu vipya vya Krismasi. Wiki mbili baadaye mtoto wa jirani, aliyekuwa amefaulu kwenda sekondari ya bweni, hakuwa na viatu vya kuvaa. Mama akavitazama vya kwangu, akaona vinamtosha, akavifunga kwenye gazeti, akampa. Hakuniuliza. Watu wa mtaani walimsifu sana. Mimi nilivaa vya zamani, nikajifunza mapema kwamba mtu mwema kwa wote huweza kuwa na mtu mmoja anayelipa, na mara nyingi mtu huyo yuko ndani ya nyumba.

Kwa hiyo niliwasikiliza mashahidi wawili wa mwisho, Irmgard na mwenzake aliyeitwa Elisabeth, kwa masikio ya mtoto asiye na viatu.

Waliishi naye Marburg, alikohamia mwaka 1228. Familia ya Ludwig ilikubali kumlipa kiasi cha marki 2,000 kwa haki zake za ndoa, na kwa fedha hizo akajenga hospitali, akaiweka chini ya jina la Fransisko wa Asizi, aliyekuwa ametangazwa mtakatifu mwaka huo huo. Siku moja aliwaita maskini wa eneo lote akagawa marki 500 kwa mkupuo. Jioni, wenye nguvu walipoondoka, wanyonge walibaki uani kwenye mbalamwezi. Akaagiza wapewe nyongeza ya fedha na mkate, mioto iwashwe, wakandwe miguu. Wakaanza kuimba. Elizabeti akawageukia wenzake akawakumbusha: si niliwaambia, watu inapasa tuwafurahishe.

Lakini siku hiyo hiyo kulikuwa na amri kwamba atakayesogea ili apokee mara mbili atakatwa nywele. Msichana mmoja, Hildegund, mwenye nywele nzuri ajabu, akapita akienda kumwona dada yake mgonjwa. Hakuwa amekuja kuomba. Wakamkamata, nywele zikakatwa. Akalia. Elizabeti, aliyekuwa mwepesi wa kuwahurumia wote, alisema angalau sasa hataziringia kwenye ngoma. Kisha akamuuliza kama aliwahi kuwaza maisha ya kumtumikia Mungu, na msichana akakiri kwamba angeshaanza zamani, ila alizipenda nywele zake. Elizabeti alifurahi mno. Hildegund akabaki kuhudumu hospitalini. Mashahidi waliona hilo ni jambo jema. Mimi namwona msichana aliyekwenda kumjulia hali dada yake.

Na Konrad? Aliwaondoa Guda na Isentrud, watu pekee waliobaki kutoka maisha yake ya zamani, akaweka mahali pao wanawake wakali waliompelekea habari zake. Alimpiga makofi. Alimpiga fimbo. Safari moja, kwa kosa la kuingia ndani ya monasteri ya Altenberg, aliamuru Elizabeti na Irmgard wachapwe. Irmgard alisema alama zilimkaa wiki tatu. Sioni haja ya kulipaka rangi jambo hilo. Tukisoma leo tunajua jina lake, na utakatifu wa Elizabeti haukuhitaji fimbo ile.

Kuhusu watoto, Irmgard alisema Elizabeti alimwondoa kabisa mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu, asije akampenda kupita kiasi akamzuia katika utumishi wake. Gertrud mdogo alikabidhiwa kwa masista wa Altenberg. Na mashahidi wakaeleza kwamba Elizabeti alikuwa akimwomba Mungu mambo kadhaa, mojawapo amwondolee mapenzi ya watoto wake. Baadaye akasema amesikilizwa: sasa anawaona kama watoto wa jirani yeyote.

Mara ya kwanza kusoma maneno hayo nilikasirika. Nikamwona mama yangu na gazeti lake. Lakini nimeyarudia, na sasa nayasikia tofauti. Nani anaomba aondolewe kitu asichokuwa nacho? Mtu asiyewapenda wanawe haamki usiku kumsihi Mungu auzime upendo huo. Alikuwa na miaka 21 au 22, mjane, mbali na kwao, chini ya mtu aliyempiga, na kila kitu kingine alichokipenda kilikuwa kimeshamtoka. Sisemi alifanya vyema. Nasema ile haikuwa nyepesi kwake, na wanawake waliokaa naye walijua hivyo, ndiyo maana walikumbuka.

Alimaliza miaka yake akivaa kijivu, akiwaosha wakoma na watoto wenye upele, akisokota sufu ya monasteri kwa malipo ili ale kwa mkono wake. Mjumbe wa baba yake alipokuja kutoka Hungaria kumrudisha kwao, alimkuta anasokota. Akajifanyia ishara ya msalaba, kwamba nani amewahi kuona binti wa mfalme akisokota sufu? Hakurudi. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 17 Novemba 1231, akiwa na miaka 24.

Watu wakauvamia mwili. Walichana vitambaa vya nguo zake, wakakata nywele na kucha. Mei 1235 Papa Gregori IX alimtangaza mtakatifu mjini Perugia, na Mei 1236, mifupa yake ilipohamishwa, Kaisari Frederick II mwenyewe alihudhuria na kumwekea taji. Juu ya kaburi likaanza kujengwa kanisa kubwa, kati ya yale ya kwanza ya mtindo wa Kigothi nchini Ujerumani. Lipo hadi leo Marburg. Mifupa ndiyo haimo. Mwaka 1539 Philipp wa Hesse, mtawala aliyefuata mageuzi ya Luther, aliiondoa ili kukomesha hija. Naye alikuwa wa kizazi chake.

Na watoto? Hermann alifariki mwaka 1241 akiwa bado kijana. Gertrud alikulia Altenberg na akawa mkuu wa monasteri hiyo kwa karibu miaka 50. Sophie aliolewa na mtawala wa Brabant, akawa mjane, kisha akapigania kwa miaka mingi urithi wa mwanawe, na kutokana na vita vyake ikazaliwa dola ya Hesse. Katika nyaraka zake Sophie alijitambulisha kwa jina la mama yake: binti wa Mtakatifu Elizabeti. Huenda ilikuwa siasa, maana jina hilo lilikuwa mtaji. Huenda pia ndilo jambo pekee alilobakiwa nalo la mama yake, akaamua kulitumia.

Nilipomaliza kusoma nilimpigia mama simu. Nikamuuliza kama anakumbuka viatu vya Krismasi. Nilidhani atasema viatu gani hivyo.

"Vile vya kahawia," akasema. "Ulinuna wiki nzima. Nilikuwa nakuona."

Tukanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikimfikiria bibi na kalenda yake, sasa ninalo jibu. Siku ile maskini walikula mikate. Ilikuwa mikate ya kweli, iliyotoka kwenye ghala la kweli, na kuna watu walioilipia, wengine ndani ya nyumba ile ile. Tunajua hivyo kwa sababu wanawake wanne waliofua, waliopika na kuvuta miguu gizani waliulizwa walichokiona, wakasema.